Hartmann 352, Johnson 34: namba za marubani wa vita zinasomwaje?

"Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu kuna ubishi usioisha. Wengine wanasema rubani bora wa Vita Kuu ya Pili ni Mjerumani Erich Hartmann aliyedungua ndege 352, na kwamba Mwingereza Johnnie Johnson na 34 zake hafai hata kutajwa pamoja naye. Wengine wanasema hizo 352 ni propaganda za Hitler. Kinachonichanganya zaidi, kwa Johnson mwenyewe nimekuta namba tatu tofauti: 34, 38 na 41. Tena wanaandika alipata nishani za DSO tatu na DFC mbili, lakini Victoria Cross, ile ya juu kabisa, hana. Kama alikuwa hodari hivyo, alinyimwa kwa nini? La mwisho: kaka yangu anayeishi Leicester ameletewa msalaba wa DFC, muuzaji anadai ulikuwa wa Johnson. Picha aliyonitumia inaonyesha mwaka 1918 mgongoni. Anunue?"

Marahaba. Nianze na la mwisho kwa sababu lina pesa ndani yake: mwambie kaka yako asitoe hata senti moja kwa sasa. Huo mwaka 1918 peke yake haumthibitishi muuzaji wala haumuumbui, na nitaueleza nikifika kwenye nishani. Kwanza turudi kijiweni.

Ubishi wenu hauishi kwa sababu pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila kulijadili, kwamba idadi ya ndege zilizodunguliwa ndiyo kipimo cha ustadi, kama magoli ya mshambuliaji. Lakini hata kwenye mpira mtu mwenye akili huuliza: alicheza mechi ngapi, na pasi zilimfikia mara ngapi? Kwa marubani hawa wawili majibu yapo.

Johnson aliruka takriban safari 700 za kivita. Katika safari zote hizo alipambana na ndege za adui mara 57 tu. Hartmann aliruka safari 1,404, na mapambano yake yanahesabiwa 825. Gawanyeni wenyewe. Hartmann alimkuta adui katika zaidi ya nusu ya safari zake. Johnson aliondoka, akavuka bahari, akarudi, akarudia tena, na kwa wastani alimkuta adui mara moja katika kila safari 12. Sasa tazameni kilichotokea walipomkuta. Hartmann anaandikiwa ndege moja kwa kila mapambano 2.3 hivi. Johnson, kwa zile 34 za peke yake tu, ni ndege moja kwa kila mapambano 1.7.

Msikimbilie kusema kwamba basi Johnson ndiye bora. Kila jeshi lilikuwa na namna yake ya kuandika nini ni "pambano", na kwa muda mwingi wa vita Johnson alikuwa kiongozi wa msafara, ambaye ndiye huchagua shabaha na kupiga kwanza huku wenzake wakimlinda mgongo. Hesabu hii inatosha kuvunja hoja moja tu, ile ya kwamba pengo kati ya 352 na 34 ni pengo la vipaji. Sehemu kubwa ya pengo hilo imetokana na mahali walipopangiwa, muda waliokaa huko, na namna majeshi yao yalivyowatumia.

Tuanze na mahali. James Edgar Johnson, mzaliwa wa 1915 huko Leicestershire, mhandisi kwa taaluma, alikosa karibu yote ya yale mapigano makubwa ya anga juu ya Uingereza ya 1940. Mfupa wake wa mtulinga ulivunjika kwenye raga miaka ya nyuma, ukaungwa vibaya, na ikabidi afanyiwe upasuaji wakati wenzake wakipigana. Alirudi skwadroni ya 616 mwishoni mwa mwaka huo. Ndege yake ya kwanza iliyothibitishwa aliidungua tarehe 26 Juni 1941, na ya mwisho tarehe 27 Septemba 1944. Kipindi hicho karibu chote Waingereza ndio waliokuwa wakivuka kwenda Ufaransa, na Wajerumani walikuwa wameacha huko vikosi viwili tu vikubwa vya ndege za kupigana, JG 2 na JG 26, kwa sababu nguvu yao kubwa ilikuwa imehamia Urusi. Vikosi hivyo havikulazimika kupigana kila siku. Vilitazama rada, vikasubiri juu upande wa jua, na kama hesabu haikuwapendelea walibaki chini.

Kuna na suala la mafuta. Spitfire IX, ndege aliyorusha Johnson, ilibeba galoni 85 tu ndani yake, kama lita 386, na injini ya Merlin ikifunguliwa yote hunywa bila huruma. Hata kwa tangi la ziada chini ya tumbo, rubani alikuwa na dakika chache tu za kupigana kabla ya kulazimika kugeuza. Kwa hiyo safari nyingi kati ya zile 700 zilikuwa saa moja na nusu ya kutazama anga tupu, shingo ikiuma.

Hartmann alipelekwa JG 52 upande wa mashariki mnamo Oktoba 1942, akiwa na miaka 20. Viwanja vyao vilikuwa karibu na mstari wa mbele, anga imejaa ndege za Kisovieti zinazoshambulia chini chini, na siku ya mapigano makali rubani aliweza kupaa mara nne au zaidi. Ukikosa asubuhi, mchana upo.

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo majeshi yalipotofautiana hasa. RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, ilikuwa na utaratibu wa zamu. Rubani wa ndege ya kupigana akikaribia saa 200 za safari za kivita aliondolewa mbele, akapelekwa kufundisha au ofisini, hata kama anasaga meno. Johnson mwenyewe aliondolewa Septemba 1943, katikati ya mwaka wake bora, akawekwa makao makuu ya Group 11 huko Uxbridge hadi masika ya 1944. Wajerumani hawakuwa na zamu ya namna hiyo. Mtu aliruka hadi afe, aumie vibaya, au vita viishe. Hartmann alipata likizo, lakini kituo chake kilibaki mbele, na ndege yake ya 352 aliidungua tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ujerumani inasalimu amri. Katika muda huo ndege yake ilimwangusha au kumlazimisha kutua kwa dharura mara 16. Utaratibu wa Kijerumani ulizaa wachache wenye namba za kutisha na makaburi mengi ya vijana waliokufa ndani ya wiki zao za kwanza bila kufundishwa na wazoefu. Wa Kiingereza ulizaa walimu. Mimi nauona wa pili kuwa wa busara zaidi, na wapo wanaobisha.

Sasa namba zenyewe. Ili uelewe kwa nini zinateleza, fikiria kinachotokea ndani ya sekunde mbili. Spitfire IX ya Johnson ilikuwa na mizinga miwili ya Hispano ya milimita 20, kila mmoja na risasi 120, na bunduki nne za Browning zenye risasi 350 kila moja. Mizinga hiyo ikifyatuliwa mfululizo inaisha kwa sekunde 11 au 12, kwa safari nzima. Adui anakatiza mbele yako kwa kilomita 480 kwa saa, yaani mita 133 kila sekunde. Uko umbali wa mita 230. Risasi ya mzinga inahitaji karibu sekunde 0.28 kufika. Katika muda huo yeye amesogea mita 37, urefu wa ndege nne za kupigana za Kijerumani, Messerschmitt 109, zilizopangwa pua kwa mkia. Ukimlenga yeye, umelenga hewa. Hata akikatiza kwa pembe ndogo ya nyuzi 20, bado unatakiwa kupiga mita 12 au 13 mbele yake. Marubani wengi hawakuweza kulikadiria hilo wakiwa wamebanwa kitini na nguvu ya kona, na ndiyo maana wengi walimaliza vita bila kudungua hata moja. Johnson alikuwa mwindaji wa ndege wa porini tangu ujana, na kupiga mbele ya kitu kinachoruka alikuwa amekuzoea. Hartmann alilitatua kwa njia nyingine kabisa: alikataa kupiga kwa mbali. Alisogea hadi ndege ya adui ijae kiooni, ambapo hakuna hesabu ya kufanya, na ndiyo maana mara kadhaa vipande vya ndege aliyoipiga viliiharibu yake mwenyewe.

Ukishapiga, unatakiwa uondoke, kwa sababu anayekaa kutazama matokeo hudunguliwa na mwenzake yule aliyepigwa. Hapo ndipo makosa yanapoingia. Rubani wa Messerschmitt aliyeshtuka huielekeza pua chini na kufungua mafuta yote kwa ghafla. Injini hutema moshi mweusi mzito. Nyuma yake kuna kijana anayeona moshi na ndege inayozama mawinguni, naye anaandika kwa moyo mweupe kabisa: imeungua, imeanguka. Dakika tano baadaye Mjerumani anatua kwake salama. Au marubani wawili wanapiga ndege moja kutoka pande mbili bila kuonana, na kila mmoja anaiona ikilipuka. Tayari ndege moja imekuwa mbili.

Mfano unaojulikana sana ni wa tarehe 15 Septemba 1940. Jioni ile Uingereza ilitangaza kudungua ndege 185. Kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, hasara yao halisi ya siku ile ikaonekana ni kama 60. Hakuna aliyekaa chini akapanga uongo. Mapigano yakiwa makubwa, macho huwa mengi na kila jicho hudai, kwa hiyo madai huvimba zaidi pale ambapo ndege ni nyingi.

Majeshi yalijua tatizo hili na kila moja lilikuwa na chujio lake. RAF ilimtuma ofisa upelelezi kumhoji rubani mara anaposhuka, kabla hajapata muda wa kupiga soga na wenzake. Ripoti iliandikwa, shahidi akatafutwa, na filamu ya kamera iliyofungwa pamoja na bunduki ikatazamwa. Kisha dai likatiwa katika fungu moja kati ya matatu: imeharibiwa kabisa, yumkini imeharibiwa, au imejeruhiwa. Kuingia fungu la kwanza ilitakiwa ndege ionekane ikigonga chini, ikipasuka angani, ikishuka kwa moto, au rubani wake akiruka kwa parachuti. Wajerumani nao walidai shahidi, mahali na saa, na makaratasi yakapanda hadi Berlin, ambako uthibitisho uliweza kuchukua miezi mingi.

Tofauti moja ya taratibu hizo ndiyo inayokupa zile namba tatu. Wajerumani hawakugawana. Ndege moja ilikuwa ya rubani mmoja, basi. Waingereza waligawana: mkipiga wawili kila mmoja anaandikiwa nusu, mkipiga watatu, theluthi. Johnson ana ndege 34 alizodungua peke yake, ambazo ni Messerschmitt 109 kumi na nne na Focke-Wulf 190 ishirini. Zipo nyingine saba alizoshirikiana na wenzake. Anayesema 34 anahesabu za peke yake. Anayesema 41 amejumlisha zote kana kwamba kila ya kushirikiana ni nzima. Ile 38 ndiyo iliyotajwa kwa miaka mingi magazetini na kwenye vitabu vya Uingereza tangu baada ya vita, na bado utaikuta. Hizi ni namna za kuhesabu, hakuna anayedanganya. Kwenye kijiwe chenu tumieni 34 na saba za kushirikiana, mkizitaja mbalimbali. Ndivyo watafiti wanavyoandika sasa.

Angalia tena lile orodha lake: zote 34 ni ndege za kupigana za injini moja. Hakuna hata ndege moja ya mizigo iliyopotea njia. Na Focke-Wulf 190 haikuwa ndege ya mchezo. Ilipotokea mwishoni mwa 1941 iliifanya Spitfire V ionekane ya kizamani usiku mmoja, hadi Spitfire IX yenye Merlin ya hatua mbili za kushindilia hewa ilipoanza kufika vikosini katikati ya 1942. Hakuna rubani wa RAF aliyedungua Focke-Wulf 190 nyingi kumzidi Johnson. Yeye mwenyewe ndege yake iliguswa na risasi za ndege ya adui mara moja tu katika vita vyote, Agosti 1944. Kwangu mimi habari hii inasema mengi kuhusu rubani kuliko jumla yake. Macho yake na uamuzi wa wakati wa kuingia na wakati wa kuondoka ndivyo vilivyomrudisha nyumbani.

Je, 352 ni propaganda? Serikali ya Nazi ilimtumia Hartmann kwa propaganda, hilo halina mjadala; picha yake na Hitler zilisambazwa kwa makusudi. Lakini madai yenyewe yalipita kwenye urasimu ule ule wa kijeshi uliopitiwa na madai ya wengine, na mara nyingi urasimu huo ulikataa madai. Watafiti waliolinganisha siku zake na kumbukumbu za Kisovieti wamekuta madai yasiyolingana na hasara zilizoandikwa, na wanabishana vikali ni mangapi. Isomeni 352 kama madai yaliyothibitishwa na jeshi lake, ambayo si lazima yawe sawa na mabaki 352 ardhini. Na mkishasema hivyo, msomeni Johnson kwa miwani ile ile, maana naye namba zake ni madai yaliyothibitishwa na jeshi lake. Kulitilia shaka jeshi moja na kuliamini jingine kwa sababu lilishinda vita si uchunguzi.

Nishani sasa. Hapa watu wengi hupotea kwa sababu wanadhani kila idadi fulani ya ndege ilikuwa na medali yake. Kwa Wajerumani dhana hiyo inakaribia ukweli, ila bei ilipanda. Werner Mölders, rubani wa kwanza wa ndege za kupigana kupewa Ritterkreuz, nishani ya juu ya ushujaa ya Ujerumani, aliipata Mei 1940 kwa ndege 20. Hartmann aliipata Oktoba 1943, akiwa ameshafikisha 148. Majani ya mwaloni, panga na almasi, yaani nyongeza za kuipandisha nishani hiyo, zilifuata mwaka 1944, almasi ikija Agosti baada ya kuvuka 300. Nishani ile ile, daraja lile lile, lakini ndege 20 zimekuwa 148.

Kwa Waingereza hapakuwa na bei kama hiyo. DFC, yaani Distinguished Flying Cross, ilitolewa kwa maofisa na warrant officers kwa ushujaa katika safari za kivita angani. Wa vyeo vya chini ya hapo walipewa DFM kwa kazi ile ile na hatari ile ile, ubaguzi wa vyeo uliodumu hadi 1993. DSO, yaani Distinguished Service Order, ni ya juu zaidi, na kwa marubani wa ngazi ya Johnson ilitazama sana uongozi. Fuata tarehe zake uone. DFC alipewa mwishoni mwa Septemba 1941, akiwa rubani kijana aliyekuwa ameruka chini ya Douglas Bader, rubani mashuhuri wa RAF, katika kundi la Tangmere. Ya pili ilikuja katikati ya 1942. DSO ya kwanza ilikuja Juni 1943, baada ya kukabidhiwa skwadroni za Wakanada huko Kenley mwezi Machi. Ya pili Septemba mwaka huo huo, alipokuwa akimaliza zamu hiyo. Ya tatu Julai 1944, baada ya kuwapeleka Wakanada wake Normandy, ambako walianza kurukia uwanja wa muda wa St Croix-sur-Mer siku chache tu baada ya askari kutua ufukweni. DFC zilimjia alipokuwa akipigana chini ya wengine, na DSO zilipoanza kumjia alikuwa na watu wa kuwaongoza angani na kuwarudisha.

Na neno "DSO tatu" lisikupe picha ya misalaba mitatu kifuani. Msalaba ni mmoja. Ukipewa nishani ile ile tena, unapata upau mdogo unaovikwa kwenye utepe. Katika picha za sare ya kawaida, ambapo huvaliwa utepe tu, kila upau unaonyeshwa kwa kiua kidogo. Mtazame Johnson katika picha za baada ya Julai 1944: utepe mwekundu wenye kingo za bluu una viua viwili, huo ni DSO, wa mistari ya mshazari ya zambarau na nyeupe una kiua kimoja, huo ni DFC. Ukijua hilo unaweza kuikadiria tarehe ya picha bila maelezo yoyote. Shika jambo hili, tutalihitaji kwa kaka yako.

Victoria Cross hakunyimwa. Nishani hiyo hutolewa kwa tendo la ushujaa wa kupindukia lililoshuhudiwa, mara nyingi mtu akiendelea kupigana hali ambayo mwingine angejiokoa, na jumla ya kazi ya miaka mitatu haihesabiki humo. Katika Fighter Command nzima, yaani tawi la ndege za kupigana la RAF, vita vyote, aliyeipata ni mmoja tu: James Nicolson, tarehe 16 Agosti 1940, aliyebaki ndani ya Hurricane inayowaka karibu na Southampton ili ampige adui kwanza. Wale wenye orodha ndefu hawakuipata hata mmoja. Kazi ya Johnson, iliyojengwa juu ya kutojiweka kwenye hali ya kuungua, isingeweza kuizaa.

Kama kijiwe kinataka mfano wa mtu aliyepunjwa kweli, mtafuteni Marmaduke Pattle wa Afrika Kusini. Alipigana jangwani na Ugiriki, na watafiti wengi wanamwekea zaidi ya ndege 40, yaani huenda anampita Johnson. Aliuawa karibu na Athens tarehe 20 Aprili 1941, na kumbukumbu za skwadroni yake zikateketea katika kukimbia Ugiriki. Nishani zake ni DFC na upau mmoja. Karatasi zikiungua, na nishani hazipandi.

Haya, msalaba wa kaka yako. DFC iliundwa 3 Juni 1918, na kila msalaba una mwaka huo katikati ya mgongo wake, chini ya herufi za mfalme. Kwa hiyo 1918 ipo hata kwenye ule uliotolewa 1945, na mtu akikwambia ni feki kwa sababu Johnson alikuwa na miaka mitatu mwaka huo, hajui anachosema. Mwaka unaotafutwa ni mwingine, uliochongwa kwenye mkono wa chini wa msalaba, mgongoni. Kwa Johnson lazima uwe 1941. Kwa kuwa ya pili ilikuwa upau, hakuna msalaba wake wa DFC wa 1942 wala 1943. Herufi za mfalme zinatakiwa ziwe GRI, za George VI. Kukiwa na upau, una tai katikati, nao mgongoni unatakiwa usome 1942. Mwambie pia ahakikishe ni DFC ipi, maana Johnson alipewa na Wamarekani nishani yao yenye herufi hizo hizo. Hiyo ni ya shaba, ina rafadha katikati, na haifanani kabisa na msalaba wa fedha wa Uingereza.

Lakini hata kila kitu kikikaa sawa, bado hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba mkononi kuna DFC ya 1941. Misalaba hii wakati wa vita ilitolewa bila jina la mwenyewe. Jina likikutwa limechongwa, huenda familia ililichonga, huenda muuzaji alilichonga wiki iliyopita. Kilichochongwa miaka 80 iliyopita huwa na kingo zilizolainika na uchafu uliokaa ndani ya mistari. Kipya hung'aa ndani, hata kama uso wa msalaba umetiwa weusi kwa dawa. Picha ya simu haiwezi kuonyesha hilo. Bei ya msalaba wenye hadithi na ya msalaba usio na hadithi ni mbingu na ardhi, na kwa mtu maarufu kama Johnson, hadithi ndiyo inayouzwa.

Kwa hiyo aombe karatasi kabla ya kuomba punguzo. Msalaba umetoka kwa nani, ukaenda kwa nani, na kila hatua ina risiti au orodha ya mnada? Nishani za mtu wa aina hii haziuzwi mojamoja sokoni. Huenda mnadani zikiwa seti kamili na habari zake hutangazwa. Mtu anayeuza DFC peke yake na kusema nyingine "zilipotea" anatakiwa aeleze vizuri sana. Tangazo la nishani yenyewe atalikuta bure mtandaoni katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, humo humo walimochapishwa askari wa KAR (King's African Rifles) waliopata Military Medal. Ripoti za mapambano za RAF zipo National Archives, Kew, fungu la AIR 50, na daftari za kila siku za skwadroni ni AIR 27; nyingi zinapakuliwa mtandaoni. Hizo zitamwonyesha kazi ya Johnson saa kwa saa, ingawa hazitamwambia msalaba huu ni wa nani.

Ikiwa muuzaji bado anashikilia, hapo ni kazi ya mtu wa kuutia mkononi. Kaka yako aende na muuzaji, na msalaba, kwa mthamini wa nishani katika nyumba ya mnada inayouza nishani za kijeshi mara kwa mara. Autazame kwa lenzi, aupime, alinganishe na misalaba ya 1941 inayojulikana, na aandike maoni yake kwenye karatasi yenye sahihi. Ada ya uthamini aijue kabla, na asikubali mthamini aliyeletwa na muuzaji. Muuzaji akikataa kwenda, au akisema kuna mteja mwingine anasubiri leo jioni, amwachie huyo mteja.